Kabla ya Kununua Kiyoyozi, Fungua Ua

Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi mpaka Machi ya mwaka uliofuata. Kebo iliyolazwa chini ya bahari mwaka 1980 kuleta umeme kutoka bara ilikuwa imechoka. Mwaka mmoja na nusu nyuma, Mei 2008, kisiwa kilikwisha kukaa gizani karibu mwezi mzima. Safari hii mambo yalizidi kwa sababu ya majira. Desemba hadi Machi ni kaskazi. Mchana joto hupanda hadi nyuzi 32 au 33, usiku hushuka kwa shida hadi 25, na hewa imejaa unyevu hata mtu hutoka jasho amekaa kitako. Mji Mkongwe ukajaa ngurumo za jenereta, na asiyekuwa na jenereta akatoa mkeka nje kutafuta upepo.

Ukilifikiria jambo lile leo, kuna kitu hakikai sawa. Nyumba zilizokuwa hazikaliki kwa kukosa umeme zilijengwa na watu ambao hawakuwahi kuona swichi ukutani. Kaskazi ilikuwa ile ile, watu walikuwa wengi ndani ya nyumba moja, na walilala. Sasa iweje nyumba hiyo hiyo, yenye kuta zile zile, igeuke tanuri mara tu waya unapokatika?

Jibu langu ni kwamba kuta ni zile zile lakini nyumba si ile ile. Tumeziziba, tumezigawa, tumezipiga saruji na kuzifunika bati, kisha tumenunua mashine ya kurudisha ubaridi ambao tuliufukuza wenyewe. Kwa hiyo anayetaka kupunguza gharama ya umeme katika nyumba ya kale ya pwani asianzie dukani. Aanze kwa kuuliza nyumba ilikuwa ikifanya kazi vipi, na ni nani aliyeizuia.

Tuanze na ukuta. Nyumba ya mawe ya Unguja au ya Lamu hujengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na ukuta huwa na unene wa nusu mita, mara nyingine zaidi. Jua la mchana hulipiga jiwe, joto likaanza safari ya kuingia ndani, na kabla halijafika jua limekwisha kutua. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kulegea, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Mgeni huona ufinyu. Mwashi huona kitu kingine: chumba chembamba chenye matundu pande mbili ni chumba ambacho upepo unakivuka bila kukwama katikati. Juu ya hayo, dari iko mbali na kichwa cha mtu, na hewa moto hukaa huko juu ikisubiri mwanya wa kutokea.

Kisha kuna ua wa ndani, ambao Waamu wanauita kiwanda. Hapo ndipo nyumba inapovutia pumzi. Hewa iliyopata joto hupanda na kutoka juu, na hewa nyingine huvutwa kutoka kwenye kichochoro chembamba kilichokaa kivulini karibu siku nzima. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18 misana, yaani zile kumbi ndefu na nyembamba, iko wazi upande wa kiwanda, na nyumba nyingi zimeelekezwa kaskazini, hivyo jua la asubuhi na la jioni halipigi moja kwa moja ndani. Jiko nalo hawakuliweka chini. Lilipandishwa juu kabisa, kwenye kidari cha meko, moshi na joto vikaenda zao angani. Yeyote aliyewahi kupika kwa mkaa katika jiko la chini lisilo na dirisha ataelewa mara moja hekima ya kupanda ngazi zote hizo na chungu mkononi.

Nisiipambe nyumba ya kale kupita kiasi, kwa sababu hapa ndipo makala za urithi hupotelea. Ukuta mnene peke yake hautoshi pwani. Kule Nizwa, ndani ya Oman, mchana huwaka moto na usiku ukavu hupoa sana, kwa hiyo ukuta mzito hupata saa za kutosha kutapika joto lake kabla ya asubuhi. Unguja tofauti ya mchana na usiku ni nyuzi saba au nane tu. Jiwe halipati nafasi ya kupoa sawasawa. Waomani waliohamia walikuja na nyumba zao nzito zenye uso mkavu na madirisha machache, na baada ya muda mji ukawafundisha kuzifungua: veranda, roshani, na madirisha makubwa yenye vibao vya mbao vilivyolazwa mshazari. Tazama Beit al-Ajaib aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Ilizungukwa na veranda pana ghorofa baada ya ghorofa, jua likaishia barazani na upepo wa bahari ukapita. Na jengo hilo hilo ndilo linalotajwa kuwa la kwanza kuwashwa taa za umeme Zanzibar. Umeme na veranda viliishi pamoja humo bila ugomvi. (Sehemu yake kubwa iliporomoka Desemba 2020, na hilo lina kisa chake kirefu.)

Nyumba za wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi ni jambo jingine tena: duka mbele mtaani, familia juu, roshani yenye nakshi, na mara nyingi kina kirefu kisicho na ua wa maana. Nyumba kama hiyo hutegemea dirisha la mbele, dirisha la nyuma na ngazi katikati. Ukiipa dawa ya nyumba ya Kiomani utapoteza fedha. Ushauri wowote wa kupunguza umeme unaoanza na maneno "nyumba za Mji Mkongwe" kana kwamba zote ni moja, usiuamini sana, na huu wangu uusome kwa tahadhari hiyo hiyo.

Sasa tuseme tulichokifanya.

La kwanza ni paa. Zamani nyumba nyingi zilikuwa na paa bapa la chokaa. Mvua za Unguja si za mchezo, paa bapa huvuja, na tangu karne ya 19 watu wakaanza kuweka bati juu yake. Siwalaumu. Bati limeokoa nyumba nyingi zisianguke, na paa za bati zenye kutu sasa ni sehemu ya sura ya mji ukiutazama kutoka juu. Lakini bati lililochakaa, saa saba ya mchana, huweza kufika nyuzi 60, na chini yake kama hakuna dari wala mwanya wa hewa, joto lote humshukia aliyelala ghorofa ya juu. Ukipanda katika nyumba nyingi utakuta ghorofa ya chini kuna ubaridi wa kuridhisha, ya kati inavumilika, na ya juu ndiyo yenye viyoyozi vitatu. Ukuta hauna kosa hapo. Tatizo liko juu ya kichwa.

La pili ni ua. Familia ziliongezeka, wapangaji wakaongezeka, na nafasi iliyo wazi katikati ya nyumba ikaonekana kama ardhi iliyolala. Ikajengwa choo. Ikajengwa stoo. Ikafunikwa bati ili mvua isiingie. Siku bati hilo lilipopigiliwa, nyumba iliacha kupumua, na vyumba vilivyokuwa vikitazama ua vikabaki na giza la saa sita mchana ambalo linahitaji taa. Halafu zikaja kuta za mbao na matofali za kukigawa chumba kirefu katika viwili, mmoja akapata dirisha na mwenzake akapata feni.

La tatu ni madirisha. Dirisha la zamani la mbao lilikuwa na akili: ukilifunga, stara ipo, mvua haiingii, na hewa bado inapita kati ya vibao. Likishaoza, fundi wa haraka huweka alumini na kioo cha kusukuma. Dirisha hilo hufunguka nusu tu hata ukilifungua lote, na likifungwa hakipiti kitu. Kioo kikipigwa na jua la alasiri hupitisha joto na kulifungia ndani. Mamlaka ya Mji Mkongwe inaweza kulipinga dirisha la alumini kwa sababu ya sura yake mtaani, na ni haki. Mimi ningelipinga hata kama lingekuwa nyuma ya nyumba ambako halionekani na mtu.

La nne ni saruji, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo madhara yasiyoonekana yalipo.

Jiwe la matumbawe lina vinyweleo, na lina chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini, huingia kutoka mvuani, na katika ukuta wa chokaa hutoka tena polepole kupitia lipu ile ile. Chokaa ni laini, inanyumbuka, inaruhusu unyevu kutoka. Lipu ya saruji ni ngumu na imefumba. Ukiipiga juu ya ukuta wa matumbawe, kwa miezi michache ukuta unapendeza, umenyooka, fundi amelipwa. Unyevu uliokuwa ukitoka sasa umefungiwa. Hupanda juu zaidi, hutafuta njia, na njia iliyo rahisi ni kichwa cha boriti kilichochomekwa ukutani. Boriti huanza kuoza mahali ambapo hakuna anayepaona. Chumvi nayo hukauka nyuma ya lipu, hujiumba vipande vidogo vinavyosukuma, na lipu hufumuka ukutani vipande vipande ikibeba na uso wa jiwe. Mwenye nyumba huita fundi, fundi huongeza saruji.

Haya yana uhusiano gani na bili ya umeme? Uhusiano ni mkubwa. Ukuta uliolowa hupitisha joto kwa wepesi kuliko ukuta mkavu. Chumba chenye ukuta uliolowa kina hewa nzito, na hewa nzito ndiyo inayomfanya mtu aone nyuzi 29 kama 33. Anayewasha kiyoyozi katika chumba cha namna hiyo kwa kweli ananunua umeme wa kukausha ukuta, na ukuta huo unanyweshwa maji mapya kila siku.

Kiyoyozi chenyewe huongeza yake. Pita kichochoro chochote chenye nyumba za wageni, tazama juu, kisha tazama ukuta chini ya mashine ya nje. Utaona mchirizi wa kijani unaoanza kwenye mpira mfupi uliokatwa ovyo, unashuka ghorofa mbili, unapanuka, na pale chini karibu na baraza lipu imevimba na kutoa ukungu mweupe wa chumvi. Ukibonyeza kwa kidole inamung'unyika. Katika hewa yetu yenye unyevu, mashine moja huweza kutoa ndoo nzima ya maji kwa usiku mmoja. Mwagia ukuta wa matumbawe ndoo moja kila usiku kwa miaka mitano, mahali pale pale, na utakuwa umeufanyia kile ambacho mvua ya karne nzima haikuufanyia. Mpira wa mita kumi wa kuyapeleka maji kwenye bomba la mvua ungezuia yote hayo, na bei yake haifiki hata mlo wa watu wawili kwenye hoteli iliyofunga mashine.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu mwenye mita ya TUKUZA, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, anajua kuhesabu kuliko mhandisi. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba cha kulala hula kiasi cha wati 1,000 kinapofanya kazi kwa nguvu. Kwa saa nane za usiku zinaweza kwenda uniti tano hadi nane, kutegemea kinapumzika mara ngapi. Pangaboi hula wati 60 hivi. Saa nane, nusu uniti. Pangaboi haipunguzi joto la chumba hata nyuzi moja, lakini hewa inayotembea juu ya ngozi humfanya mtu ajione yuko katika ubaridi wa nyuzi mbili au tatu chini ya hapo. Na nyumba hizi zina kitu ambacho nyumba za kisasa hazina: dari ndefu ambamo pangaboi kubwa inakaa kwa raha na kuzunguka polepole bila kelele. Dari ya boriti inataka ndoano ifungwe kwenye boriti nzima iliyokaguliwa, siyo kwenye ubao wa dari. Hilo ni la fundi kuangalia kwa macho yake.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi, kama ningepewa nyumba na fungu dogo la fedha, ungeanzia juu kushuka chini. Fedha ya kwanza iende kwenye paa: kuziba panapovuja, kuweka dari chini ya bati na kuacha nafasi kati yake, kufungua matundu pande mbili za juu ili hewa moto itoke. Ukiweza kuongeza karatasi ya kung'aa ya kurudisha joto chini ya bati, ongeza. Haionekani mtaani na haihitaji mjadala na mtu. Kupaka bati rangi nyeupe husaidia sana, ila hapo paulizwe kwanza, kwa sababu paa za mji zinaonekana kutoka darini kwa kila jirani na rangi ya mji si ya mtu mmoja.

Baada ya paa, bati la uani liondolewe. Pale isipowezekana kuliondoa lote kwa sababu ya mvua, linyanyuliwe nusu mita juu ya kuta ili pembeni pabaki wazi; mvua haiingii sana na hewa inatoka. Kisha madirisha ya mbao yarudishwe, na wavu wa mbu uwe wa fremu inayochomolewa, maana wavu uliojaa vumbi huzuia upepo kama pazia. Taa ni kazi ya siku moja: taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga uliokuwa ukitolewa na globu ya wati 60, na ukuta uliopakwa chokaa nyeupe huuzidisha mwanga huo. Hita ya maji ya kuoga, ile inayofungwa juu ya bomba, hula wati 3,000 na zaidi kila inapowashwa, katika mji ambao maji ya bombani alasiri hutoka ya vuguvugu yenyewe. Sijui tuliiga wapi.

Na kiyoyozi? Kiwepo. Kuna wazee, kuna wagonjwa, kuna watoto wachanga, na kuna wageni waliolipa. Lakini kiwe katika chumba kimoja kidogo kinachofungika vizuri, kiwe cha inveta, na kiwekwe nyuzi 26 huku pangaboi ikizunguka, badala ya 18 na blanketi juu. Ukuta wa matumbawe haufungi hewa kama chupa, kwa hiyo anayetaka nyumba nzima iwe baridi anapambana na Bahari ya Hindi yote. Mashine ya nje isitupwe uani ikapuliza joto pale ambapo nyumba inavutia pumzi. Iende juu ya paa, nyuma ya ukuta wa pembeni, na mpira wake wa maji ufike kwenye bomba.

Nimeona mapendekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nyumba za kale za Ulaya yakitumwa huku yalivyo: ziba kila mwanya, valisha kuta pamba ya kioo, weka vioo viwili. Kule wanapigana na baridi, na wanataka joto walilolinunua lisitoke. Hata wao sasa wanaonya kwamba ukuta wa kale ukizibwa vibaya huoza. Ukiyafuata hayo katika mitaa ya Mji Mkongwe kama Shangani au Malindi, utatengeneza nyumba ambayo bila umeme haikaliki hata saa moja, yaani utarudi Desemba 2009 kwa gharama kubwa zaidi.

Paneli za sola zinaulizwa kila mahali siku hizi, na zina nafasi yake. Kebo mpya ya megawati 100, iliyogharamiwa na Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia na kuzinduliwa mwaka 2013, iliondoa giza la miezi, lakini kisiwa bado kinauvuta umeme wake kupitia chini ya bahari. Nyumba yenye paneli chache na betri ya kuendesha mapangaboi, taa na jokofu hushinda siku ya katizo bila taabu. Paneli zilale kwa mteremko wa bati upande usioonekana mtaani. Zaidi ya sura, uulizwe uzito. Paneli moja ina kilo 20 hivi, na paa zuri huibeba. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na wapo waliolipandisha juu ya boriti za miaka 100 bila kumwita mtu wa kuzitazama. Hita ya maji ya jua yenye tangi lake juu ni ya kufikiriwa mara mbili kwa sababu hiyo hiyo.

Vibali hutolewa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Mpango mkuu wa uhifadhi ulioandaliwa pamoja na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulikamilika mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikaziingiza hekta 96 za mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lamu ikafuata mwaka 2001. Mfuko huo huo uliikarabati Zahanati ya Kale iliyoko ufukweni, jengo la mfanyabiashara Tharia Topan, na kazi yenyewe ikawa darasa la mafundi wa chokaa na mbao. Sheria na watu wapo. Malalamiko yangu ni kwamba mjadala wa kibali huishia usoni mwa nyumba: mlango, roshani, rangi, kibao cha duka. Ua ukifunikwa bati nyuma hakuna anayepiga kelele, na lipu ya saruji ikipigwa vyumbani hakuna anayeijua. Hayo mawili huiua nyumba haraka kuliko kibao kibaya cha duka.

Upande wa mwenye nyumba kuna fundo gumu zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na nyingine ni za wakfu. Anayeishi ndani ni mpangaji, mara nyingi na wenzake watano katika nyumba moja yenye milango mingi. Paa ni la mwenye nyumba, bili ya umeme ni ya mpangaji. Mwenye nyumba hana sababu ya kutengeneza dari ambayo faida yake inaingia kwenye mita ya mtu mwingine, na mpangaji hana sababu ya kuitia fedha yake kwenye nyumba anayoweza kuambiwa ahame. Basi kila mmoja hununua feni yake. Mwenye hoteli ndiye pekee anayelipa bili na kumiliki au kukodi jengo zima kwa muda mrefu, na ndiye anayechagua viyoyozi 20.

Chokaa yenyewe haina usafi wa malaika. Matumbawe yaliyotolewa ardhini hupangwa juu ya tanuri la magogo na kuchomwa siku nzima na zaidi, kisha yakimwagiwa maji huchemka na kupasuka kuwa unga, na chokaa nzuri hulazwa shimoni ndani ya maji wiki nyingi kabla ya kutumika. Kuni hizo ni miti. Boriti ni mikoko, na mikoko haiwezi tena kukatwa kama zamani. Anayesema kurudi kwenye chokaa hakuna gharama kwa mazingira hajasimama karibu na tanuri. Hata hivyo chokaa huiva kwenye nyuzi 900 hivi, na saruji huhitaji moto wa nyuzi 1,450. Viwanda vya saruji hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Na nyumba iliyosimama tayari imekwisha kulipa moto wake zamani. Kuibomoa ili kujenga ya matofali ya saruji yenye kuta za sentimita 15 ni kulipa upya, kisha kulipa kila usiku kwa mita.

Kuhusu boriti, mafundi wa leo hutumia mbao ngumu zilizotibiwa pale mikoko inapokosekana, na sioni kosa. Kinachohitajika ni ubao mkavu, kichwa chake kiachiwe hewa ukutani, kisizibwe saruji. Kuna watu wa urithi watakaokunja uso. Ningependa wakunje uso zaidi wakiona pipa la rangi ya plastiki likipandishwa ngazi.

Kamisheni ya Wakfu, Serikali, na wenye hoteli wakubwa wana nyumba za kutosha kuanza na moja kila mmoja: dari chini ya bati, ua wazi, lipu ya chokaa mahali pa saruji, mapangaboi. Mita za TUKUZA huonyesha uniti zilizonunuliwa kila mwezi, kwa hiyo miezi 12 ya kabla na 12 ya baada itatosha kuwaonyesha wenye mashaka, mimi nikiwamo kwa baadhi ya mambo niliyoyasema hapa. Paa halifunguliwi wakati wa mvua, na chokaa iliyolazwa leo haipigwi kesho. Anayetaka kazi ya paa imalizike kabla ya masika ya Machi na chokaa ipate muda wa kukauka, ombi la kibali na shimo la chokaa vimngojee tangu mwisho wa kusi, Septemba au Oktoba.